Kura Zilizoandikwa Jumanne

Kila Jumanne iliyotangulia kikao, saa nane mchana, karani wa halmashauri alifunga mlango wa ofisi yake, akavua saa ya mkononi, akaiweka pembeni ya taipureta, akaanza kuandika mambo ambayo yangetokea Jumatano. Hakuwa mpiga ramli. Alikuwa mwandishi wa muhtasari wa vikao, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja, na aliwajua madiwani wake kiasi kwamba hakuona haja ya kuwasubiri waseme ndipo aandike. "Wajumbe walijadili kwa kina," alipiga chapa, wakati wajumbe wenyewe wamelala usingizi wa mchana majumbani kwao. "Baada ya majadiliano marefu, ilikubaliwa kwamba..." Na kesho yake ilikubaliwa kweli.

Mji mzima ulimwita Muafaka. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye hati ya mshahara tu.

Jina hilo alilipata kwa jasho lake, hilo tumpe. Alipoanza kazi, halmashauri ilikuwa imegawanyika mapande mawili, watu wa mtaa wa juu na watu wa bondeni, wakigombania stendi ya mabasi ijengwe wapi. Siku moja viti vilirushwa, diwani mmoja akatoka ukumbini jicho limevimba kama andazi. Mwaka ukaisha hakuna stendi, abiria wananyeshewa barabarani. Karani kijana akachukua daftari na penseli. Asubuhi alipanda juu, jioni alishuka bondeni, kwa miguu, akiuliza kila diwani anataka nini hasa na kwa nini. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Baada ya miezi minne alipata mstari mmoja ambao pande zote mbili ziliutia sahihi huku zikinung'unika: stendi ijengwe katikati, kwenye uwanja wa mawe ambao hakuna aliyeutaka. Ikajengwa, na mpaka leo mabasi yanasimama pale. Ukipita naye hapo hatajisifu, ila atapunguza mwendo.

Kwa hiyo tusimwonee. Mtu aliyewahi kukwepa kiti kinachoruka ana haki ya kupenda karatasi yenye sahihi. Tatizo lilimjia polepole, kama kitambi. Mwanzoni aliwauliza watu wanataka nini, kisha akatafuta pa kuwakutanisha. Baadaye akawa anajua watakachosema, akaacha kuuliza. Baadaye zaidi akawa anajua watakachokubali, akaacha hata kukumbuka walichokuwa wanataka. Muhtasari ukawa unaandikwa Jumanne, na nakala inawekwa ndani ya faili la kila diwani mezani, ili Jumatano wakishapiga kura watie sahihi hapo hapo waende kunywa chai. Hakuna aliyelalamika. Vikao vya kutwa nzima vikawa vya saa moja na nusu. Mwenyekiti alimtambulisha kwa wageni akimpiga bega: "Huyu ndiye injini yetu."

Injini hiyo ikifika nyumbani ilizima. Mke wake alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na wanawe wawili walikuwa wanaishi mbali, wanapiga simu mwisho wa mwezi, wanauliza afya, wanasikia ni nzuri, wanakata. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, yeye akitumia kimoja. Redio aliiwasha tangu asubuhi, si kwamba aliisikiliza, bali alitaka pawe na mtu anaongea. Binadamu pekee aliyeingia mle bila kubisha hodi alikuwa dada yake.

Dada alimpita miaka tisa. Tangu ujana wake aliuza ndoo, mabeseni na majagi ya plastiki sokoni, na ndoo hizo ndizo zilizomsomesha mdogo wake uchapaji baada ya wazazi wao kufa. Kila Jumapili alikuja adhuhuri, akafunua masufuria, akamwambia amekonda hata pale alipokuwa amenenepa, wakala pamoja. Alikuwa na ulimi mkali na kicheko kikubwa, na akiondoka nyumba ilibaki na kelele zake kwa muda. Muafaka hakuwahi kumwambia kwamba wiki yake nzima ilikuwa inaelekea kwenye saa zile mbili.

Sasa, soko lile halikuwa na choo. Wanawake mia mbili na ushei walikaa pale tangu alfajiri mpaka jua linazama, na aliyebanwa alivuka barabara kuu mpaka stendi, akalipa, akapanga foleni na abiria, akarudi akakuta mteja keshaondoka. Choo cha stendi kilikuwa cha shemeji yake Mwenyekiti, jambo ambalo kila mtu alilijua na halikuandikwa popote. Dada alikuwa na kisukari, na mwenye kisukari hapangiwi saa. Alikuwa amejizoeza kutokunywa maji mpaka mchana, juani, daktari akimgombeza kila mwezi.

Hoja ya choo ilikuwa imekuja halmashauri mara tano. Mara ya kwanza Muafaka alihangaika, akapata mabomba mawili ya maji badala yake, na mabomba ni kitu, maji yanatoka. Mara ya pili alipata upimaji wa eneo. Mara ya tatu, upimaji upya. Mara ya nne, kamati. Mara ya tano kamati iliongezewa muda. Kila mara alimweleza Dada kwa upole kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda, na kila mara Dada alisema haya, mwakani.

Mara ya sita ilipangwa Jumatano moja. Jumapili iliyotangulia Dada aliingia na kanga imemlowa jasho, akakaa bila kukagua sufuria.

"Safari hii tunao wanane," alisema. "Wanane kati ya kumi na watatu."

"Wanane unawatoa wapi, Dada?"

"Majumbani kwao. Nimepita kwa miguu yangu hii, mlango kwa mlango. Mwalimu yumo. Yule diwani mpya, fundi saa, yumo. Mama wa duka la dawa yumo, kaniambia mbele ya mumewe."

Muafaka alitabasamu. "Mama mtu mzima umetembea juani mpaka mlangoni kwa mtu, atakuambia nini? Atakuambia ndiyo, akupe na maji ya kunywa. Jumatano ni habari nyingine. Mimi nahesabu watano."

"Umewauliza?"

"Wa nini kuwauliza? Hesabu zangu hazijakosea hata siku moja. Lakini usivunjike moyo, nimekufikiria. Nimeongea na Mwenyekiti. Choo hakitapita, ila mtapata paa upande wa mashariki. Mabati mapya, Dada! Mwaka huu huu."

"Mimi nilikwambia nataka paa?"

"Suala si unataka nini. Suala ni utapata nini."

"Na nikibanwa paa nilifanyeje? Nilitazame?"

Walicheka wote wawili, Muafaka akicheka zaidi, maana alidhani kicheko kimefunga mjadala. Dada aliondoka mapema. Alipotoa vyombo, Muafaka aliona sahani ya Dada haikuisha, akafikiri ni sukari.

Jumanne saa nane aliandika. Wanaounga mkono, watano, majina yao haya. Wanaopinga, wanane, majina yao haya. Alipofika jina la Mwalimu vidole vilisita kidogo juu ya taipureta. Mwalimu alikuwa mstaafu mpole, mtu wa kufuata wengi, na miaka mitano yote alikuwa amekwenda na wengi. Akamweka kwa wapingaji. Fundi Saa alikuwa mgeni, na wageni huogopa. Mama wa duka la dawa leseni yake ilipitia kwa Mwenyekiti. Kila mmoja alimtafutia sababu, na sababu zote zilikuwa nzuri. Akatoa nakala kumi na tatu, akazitia kwenye mafaili.

Jumatano wanawake kumi na tisa walikaa kwenye mabenchi ya wananchi nyuma ya ukumbi, wamevaa nguo za kutokea. Dada alipewa dakika tano akatumia mbili.

"Waheshimiwa," alisema, "mmekuja hapa tangu saa tatu. Wangapi kati yenu mmeshatoka kwenda msalani? Mimi nimehesabu sita. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyevuka barabara. Basi ni hilo tu tunaloomba."

Ukumbi ulicheka, hata Mwenyekiti. Muafaka alikuwa anacheka pia alipomwona Fundi Saa akifungua faili lake. Alisoma, akalifunga. Akawatazama wanawake. Akalifungua tena, akasoma tena, akaliacha wazi. Muafaka aliliona hilo na hakulifikiria, jinsi mtu anavyoona nzi ukutani.

Mikono ya kuunga ilinyooshwa. Dada alihesabu kwa kidole, midomo ikitembea: mitano. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Mikono ya kupinga, minane, na ilikuwa ya watu wale wale walioandikwa, hakupotea hata mmoja. Na hapa niseme ukweli hata kama unamwaibisha: karani alisikia raha kidogo kifuani, raha ya fundi aliyepima kwa jicho na ubao ukaingia sawasawa.

Kisha chai ikanywewa, na Fundi Saa akabaki nyuma amesimama karibu na meza ya karani.

"Mzee, nikuulize, usinicheke. Hii karatasi ndio utaratibu?"

"Karatasi ipi, mwanangu?"

"Hii ya kura. Mimi nilikuja kuwaunga mkono hawa mama, nilimwahidi yule mama wa ndoo. Nikafungua faili nikakuta nimeshapinga, jina langu hilo hapo. Nikasema labda hoja ilishaamuliwa huko juu na leo ni kukamilisha tu. Sikutaka kuharibu kitu kikao changu cha kwanza."

Muafaka alimwambia ni utaratibu wa kuokoa muda, kwamba diwani ana uhuru wake. Alipoyasema aliyasikia yalivyokuwa makavu. Akatoka, akamkuta Mwalimu kwenye ngazi anafuta miwani.

"Mwalimu, ulikuwa umwunge mkono nani leo?"

Mwalimu hakujifanya kutoelewa. "Niliona kumeandikwa watano. Nikajiuliza, mimi wa sita nitabadilisha nini? Nijitie kwenye ugomvi na Mwenyekiti kwa kura inayoshindwa?" Akavaa miwani. "Ungeandika saba, ningekuwa wa nane. Mimi najijua nilivyo."

Kwenye duka la dawa alinunua vidonge vya kichwa ambacho hakikuwa kinamuuma. Alipomuuliza kuhusu kura yake, mwenye duka aliweka chenji juu ya kaunta na kumtazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Jambo lililokwisha unanitaka niliokoe mimi?"

Watano na watatu. Alisimama nje ya duka akajumlisha kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Miaka yote ile hesabu zake hazikukosea kwa sababu watu walizisoma kabla ya kupiga kura. Hakujua ni kikao kipi cha mwisho alichokuwa anatabiri, na ni kipi cha kwanza alichokuwa anaamua. Alirudi nyuma kichwani, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka aliougusa ulikuwa na shaka, isipokuwa ule wa stendi.

Dada alikuwa anapanga mabeseni, madogo ndani ya makubwa. Muafaka hakukaa kwenye kigoda alichosogezewa.

"Zilikuwa nane," alisema.

"Nilikwambia."

"Nilidhani watakugeuka."

"Hukudhani. Ungedhani ungewauliza." Aliendelea kupanga. "Mwenyekiti katupinga, hilo sina neno nalo, yule analinda choo cha shemeji yake. Wewe ulikuwa unalinda nini?"

Alitafuta jibu kweli. Hakuwa amehongwa, hakuwa ameogopa, hakuwa na chuki na mtu. Angekuwa na shemeji mwenye choo ingekuwa nafuu. Mwishowe akasema, "Nilitaka mpate hata paa," na Dada akaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza habari za watu wasiomhusu, akamgeukia mteja.

Hoja iliyoshindwa ilikuwa hairudi mezani mpaka miezi kumi na miwili ipite. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, zamani, kwa ajili ya amani.

Jumapili Dada hakuja. Ya pili hakuja. Wiki tatu alipika cha wawili, kisha akajifunza kupika cha mmoja, kazi ngumu kuliko inavyosikika, maana masufuria ya nyumba ile yote yalinunuliwa kwa ajili ya watu wanne. Akaanza kumfuata sokoni. Dada hakumfukuza wala hakumnunia. Alimkaribisha vizuri kabisa: "Karibu, unatafuta ndoo au beseni?" Akanunua ndoo. Wiki iliyofuata akanunua nyingine. Kufikia mwisho wa msimu wa mvua alikuwa na ndoo saba mpya, zimepangwa barazani, na dada yake wa tumbo moja alikuwa anamuuzia bila kumpunguzia.

Kazini alibakiwa na miezi minne kabla ya kustaafu. Kikao kilichofuata, madiwani walifungua mafaili wakakuta karatasi nyeupe. Mmoja aliigeuza kuona kama maandishi yako nyuma. Mwingine alimwomba jirani yake amwazime yake. Mwenyekiti alimwita pembeni.

"Muafaka, unaumwa?"

"Siumwi, Mheshimiwa."

"Sasa watu watajuaje la kufanya?"

"Watasema, nitaandika."

Walisema mpaka saa kumi jioni. Waligombana kuhusu taa za barabarani kama watu waliofungwa midomo miaka mingi, na diwani mmoja alisimama na kukishika kiti chake, kila mtu akanyamaza, kisha akakikalia. Muafaka aliandika kwa mkono, kila neno, mpaka kidole kikafanya malengelenge. Mwenyekiti hakumwita injini tena. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani na soda, na hotuba ilikuwa fupi.

Mwaka ulipotimia alikwenda ukumbini kama mwananchi. Alikaa benchi la nyuma, mwanzoni kabisa, na Dada alikaa mwisho wa benchi hilo hilo na wanawake wake katikati. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake hakujua kura zitakwendaje. Hakuwa na mtu wa kumgeukia na kumwambia kwamba anaogopa.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeezua shule ya bondeni, madarasa manne, watoto wanasomea uani. Fedha zilizokuwepo zilitosha jambo moja. Walibishana saa mbili na nusu. Fundi Saa aliwasemea wanawake mpaka sauti ikakauka. Mwenyekiti alisema yake, ya siku zote. Kisha Mwalimu alisimama, akageuka, akaupa mgongo ukumbi mzima ili awatazame wale wa mabenchi.

"Mama zangu," alisema, "mwaka jana niliwaahidi nikawakimbia. Leo sikimbii. Nawapinga, nikiwa nawatazama. Nimefundisha miaka arobaini, siwezi kuwaacha watoto kwenye matope. Mwakani nikiwa hai nitakuwa nanyi, na mkinitukana leo mna haki."

Sita waliunga. Saba walipinga. Muafaka alihesabu mara mbili, akashangaa kuona machozi yanamlengalenga kwa hoja ya choo.

Ukumbi ulipoanza kutoka, Dada mwenyewe alimjia Muafaka. Alikuwa amechoka, kanga imeteleza begani.

"Leo tumeshindwa," alisema.

"Ndiyo, Dada. Sita kwa saba."

"Mwalimu kanipinga usoni." Alitafakari kidogo, kama anaonja chumvi. "Haya. Mwakani tena."

"Utaanza lini kuzunguka?"

"Jumapili. Nikichelewa Mwenyekiti ataniwahi."

"Nikusindikize," alisema, na alisema haraka kuliko alivyokusudia. "Sasa nina nafasi. Nitakubebea mwavuli. Nitakaa kimya, sitasema kitu."

Dada alimtazama. Uso wake ulikuwa umelegea, ule wa zamani, wa kukagua masufuria. Akanyoosha mkono akamrekebishia kola ya shati, alivyokuwa akifanya alipompeleka chuo cha uchapaji.

"Umekonda," alisema. "Wewe kaa nyumbani, mdogo wangu. Wakikuona mlangoni watajua tayari imeshaandikwa."

Hakusema kwa hasira, na ilikuwa kweli. Muafaka akamwacha awafuate wenzake.

Jumapili adhuhuri alikaa mezani na sahani yake moja. Alizijua nyumba zote na mpangilio wake: saa sita Dada angekuwa kwa Fundi Saa, saa saba kwa mama wa duka la dawa, halafu ngazi ndefu za kwa Mwalimu, ambazo kwa magoti yake si mchezo. Alikuta kidole chake kinaandika juu ya meza, kwenye unga uliomwagika, jibu ambalo Mwalimu angempa. Aliufuta kwa kiganja kabla hajamaliza, akainuka kuwasha redio.